Usinitukane, Nionyeshe Mstari

Nimechoka. Kuna watu wawili wananichosha kila nikifungua simu, na najua na wewe wamekuchosha, sema tu umekaa kimya.

Wa kwanza anatangaza kwamba ameipindua hisabati. Moja mara moja ni mbili, anasema. Pai inayofundishwa shuleni ni uongo. Ameigawa pembe mara tatu sawasawa kwa rula na bikari, lakini wakubwa wa dunia wanamficha asijulikane. Ukimwomba akuonyeshe hatua zake, anakuuliza umetumwa na nani.

Wa pili ndiye mjuzi. Ana shahada, au ana binamu mwenye shahada. Huyu hasomi hata mstari mmoja wa aliyoandika mwenzake. Anacheka tu. Ulipata ngapi kidato cha nne? Ulisoma shule gani? Anabandika picha ya kejeli, anaongeza tusi, kazi imekwisha.

Na mimi na wewe tunafanya nini? Tunashangilia kama mashabiki wa Simba na Yanga. Anayetukana vizuri ndiye tunayempa ushindi. Ugomvi unaisha usiku wa manane, wote wamenuna, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali pekee lenye faida katika ugomvi wa hesabu.

Mstari upi?

Ndugu yangu, amka. Siasa ina kanuni yake: wengi wape. Hesabu haina kanuni hiyo. Mwaka 1897 wabunge wa jimbo la Indiana, Marekani, waliletewa muswada wa daktari mmoja aliyedai amegeuza duara kuwa mraba wenye eneo sawa, na ndani yake thamani ya pai ilikuwa imeharibika vibaya. Bunge la chini likaupitisha kwa kura 67 kwa sifuri. Sifuri! Muswada ule ulikwama kwenye seneti kwa sababu siku zile profesa wa hisabati, Waldo, alipita bungeni kwa shughuli zake nyingine, akasikia kinachojadiliwa, akawaeleza maseneta kosa liko wapi. Kura 67 hazikubadilisha duara hata kwa unywele.

Kosa la hesabu lina anwani. Liko mstari wa tatu, au wa tisa, au wa arobaini. Unaweza kuweka kidole juu yake. Halitegemei cheo cha aliyekosea, wala kabila lake, wala jina la chuo chake. Ndiyo maana ugomvi wa hesabu ulipaswa kuwa ugomvi mwepesi kuliko wote duniani, na ndiyo maana nakasirika kuona tumeufanya mchafu kuliko wote.

Nianze na wajuzi, maana wao ndio waliopewa nafasi ya kusoma na wakaigeuza fimbo.

Mnamkumbuka Erasto Mpemba? Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu, Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friji. Friji lilikuwa dogo, wanafunzi wengi. Mwenzake mmoja akaweka ya kwake bila hata kuyachemsha ili awahi. Mpemba akaona nafasi inaisha, akaingiza ya kwake yakiwa ya moto vilevile. Baada ya saa moja na nusu hivi wakafungua. Ya Mpemba yameganda. Ya mwenzake bado ni uji.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia kwa nini ya moto yametangulia kuganda. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Akafaulu, akaenda Mkwawa, Iringa. Akauliza tena. Mwalimu wa huko akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Na hapo ndipo roho yangu inapouma. Tangu siku ile, kijana akikosea hata kusoma jedwali la logi, mwalimu anasema: hiyo ni hisabati ya Mpemba. Darasa zima likadaka. Akikosea chochote, ni cha Mpemba. Jina la mtoto wa watu likafanywa neno la kosa.

Je, mwalimu yule alilazimika kumwamini? La. Hakuna aliyemtaka aamini. Alitakiwa kutafuta vikombe viwili na friji. Basi. Kazi ya jioni moja. Badala yake akachagua kicheko, kwa sababu kicheko hakihitaji umeme wala muda.

Kisha akaja Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, kuwahutubia wanafunzi wa Mkwawa. Mpemba akasimama, akauliza swali lake lilelile mbele ya kundi lilelile. Wenzake wakacheka. Osborne naye hakuamini, lakini alirudi Dar akaagiza jaribio lifanyike kwenye maabara. Fundi wa maabara akapata jibu la Mpemba. Mwaka 1969 wawili hao, profesa na kijana wa Kitanzania ambaye wakati huo alikuwa chuo cha wanyamapori Mweka, walichapisha pamoja katika jarida la Physics Education la Uingereza. Leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba dunia nzima. Wale waliocheka, nani anawajua?

Msinielewe vibaya. Simwambii mtu kwamba Mpemba alikuwa sahihi kwa sababu alichekwa. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walirudia vipimo kwa uangalifu mkubwa, wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto huwahi kuganda. Wakaonyesha kwamba ukisogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo, unaweza kujidanganya. Hapo ndipo penyewe! Wamesema sentimita. Wamesema kipimajoto. Hawakuuliza Mpemba alisoma wapi. Huo ndio ukosoaji, na mtu anayependa ukweli anaupokea kwa mikono miwili hata ukimuumiza.

Ukosoaji wa kwetu uko wapi? Uko kwenye shahada. "Wewe nani?" ndilo swali letu la kwanza na la mwisho. Tumelirithi darasani, tumelipeleka ofisini, sasa tumelipeleka kwenye simu. Mtoto akiuliza kwa nini namba hasi mara namba hasi inaleta namba chanya, anaambiwa akariri. Akiuliza mara ya pili, anaambiwa mbishi. Mara ya tatu anachapwa. Halafu matokeo ya kidato cha nne yakitoka tunashika vichwa: waliofaulu hesabu ni kama mmoja kati ya wanne, na miaka mingine haikufika hata hapo. Mlitegemea nini? Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto. Kisha tunawafanyia kila linalofanana na adhabu wakiuliza.

Na shahada yenyewe si kinga. Novemba 2015 mhadhiri wa chuo kikuu Nigeria alitangazwa na vyombo vikubwa vya habari vya dunia kwamba amemaliza swali la Riemann, swali la namba tasa ambalo limewashinda watu tangu 1859 na ambalo taasisi ya Clay ya Marekani imeliwekea zawadi ya dola milioni moja tangu mwaka 2000. Afrika ikashangilia. Swali hilo mpaka leo linahesabika halijajibiwa. Cheo chake kilimfikisha kwenye magazeti, basi. Mistari ndiyo inayohukumu.

Sasa nawageukia ninyi mnaojiita wavumbuzi. Msidhani mmepona.

Mwigizaji wa Marekani, Terrence Howard, amekuwa akisema hadharani tangu 2015 kwamba moja mara moja ni mbili. Julai 2022 alikuwa Kampala. Alisimama mbele ya viongozi wa serikali ya Uganda akieleza teknolojia yake mpya ya haidrojeni na mlinganyo wake wa kuunganisha nguvu zote za ulimwengu. Nchi jirani yetu. Viongozi wa watu wanaolima kama sisi.

Hoja yake juu ya kuzidisha ni kwamba kitu kikizidishwa lazima kiongezeke, kwa hiyo moja haiwezi kubaki moja. Haya, tuweke kidole. Kuzidisha ni kuhesabu mafungu: mafungu mangapi, kila fungu lina vingapi. Fungu moja lenye korosho moja lina korosho ngapi? Mpe mtoto wa darasa la pili huku kwetu Likunja akuhesabie. Kosa la Howard liko mstari wa kwanza kabisa, pale anapoweka sharti la kuongezeka ambalo kuzidisha hakukuwahi kuliahidi. Nusu mara nusu ni robo, na robo ni ndogo kuliko nusu. Imekwisha. Sijamtukana, sijamuuliza shule.

Na hakukosa watu wa kumwonyesha. Mwanasayansi Neil deGrasse Tyson alieleza mwaka 2024 kwamba miaka kadhaa nyuma Howard alimpelekea maandishi yake, kurasa zaidi ya 30, naye akayasoma na kuandika maoni yake pembeni, hatua kwa hatua. Mtu mwenye shughuli zake, akaketi na kalamu! Hiyo ni heshima kubwa kuliko makofi ya ukumbi mzima. Howard alifanya nini? Akaenda kwenye kipindi cha Joe Rogan kulalamika kwamba alishambuliwa.

Hapa ndipo ninapogombana na ninyi. Mnalia kwamba hamsikilizwi. Mkisikilizwa, mnalia kwamba mmeonewa. Basi mnataka nini? Kama unataka makofi, nenda kwenye muziki. Mficha uchi hazai. Ukificha hatua zako usiibiwe, ukikataa kusomwa na asiyekupenda, utakufa na kitabu chako chini ya godoro na hutajua kama kilikuwa dhahabu au majani makavu.

Na yule wa pembe? Nisikilize kwa makini, maana kila kizazi kinampata wake. Mwaka 1837 Mfaransa Pierre Wantzel alithibitisha kwamba hakuna njia ya kugawa kila pembe mara tatu sawasawa kwa rula isiyo na alama na bikari peke yake. Mwaka 1882 Mjerumani Lindemann akafunga mlango wa kugeuza duara kuwa mraba kwa zana hizohizo. Wewe unasikia "haiwezekani" unadhani maana yake hajatokea mtu mwenye akili ya kutosha. La! Jumlisha namba shufwa na namba shufwa. Unaweza kupata witiri? Hata ukiishi miaka elfu, hata ukiwa na kompyuta zote za dunia, hupati. Hakuna anayekufungia. Wala hakuna njama. Kuna mambo ambayo hesabu yenyewe imeyakataa na imeeleza kwa nini imeyakataa. Ukitaka kumpinga Wantzel, usituletee mchoro wako. Tuletee mstari wa Wantzel uliokosewa.

Kinyozi hajinyoi. Mwingereza Andrew Wiles alifanya kazi kwa siri miaka saba juu ya swali la Fermat, lililosimama tangu 1637. Juni 1993 akatangaza amemaliza, dunia ikapiga makofi. Wakaguzi wakasoma, wakakuta pengo. Mtu mzima, profesa wa Princeton, aliyekwisha kusifiwa na magazeti yote. Alisema anaonewa? Alirudi chini, akahangaika zaidi ya mwaka, akamwita mwanafunzi wake wa zamani Richard Taylor amsaidie, Septemba 1994 wakaziba pengo. Uthibitisho ukachapwa 1995. Kama Wiles alikaguliwa, wewe ni nani usikaguliwe?

Swali hilohilo la Fermat liliwahi kuwekewa zawadi ya fedha, mark 100,000 za Kijerumani, mwaka 1908. Mwaka wa kwanza pekee yaliletwa majibu 621. Wenye njaa ya fedha na wenye njaa ya jina. Profesa Edmund Landau wa Göttingen angeweza kuyachoma moto yote. Hakuyachoma. Alichapisha kadi zenye nafasi wazi, akawapa wanafunzi wake wazijaze: kosa la kwanza liko ukurasa fulani, mstari fulani. Kadi inarudishwa kwa mwenyewe.

Ukurasa fulani, mstari fulani! Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, bila intaneti, kwa posta. Sisi leo, wenye simu mkononi, tunashindwa nini? Tunashindwa kwa sababu kutukana ni sekunde tatu na kusoma ni saa tatu.

Maana wapo wanaostahili kusomwa. Marjorie Rice alikuwa mama wa nyumbani, California, elimu yake ni ya sekondari. Mwaka 1975 alisoma kwenye jarida la mwanawe kwamba aina zote za pembetano zinazoweza kutandaza sakafu bila kuacha pengo zimekwisha kujulikana. Akabuni alama zake mwenyewe za kuandikia, akachora jikoni, akapata aina nne mpya. Alama zake hakuna aliyezijua. Mwanahisabati Doris Schattschneider angeweza kuzitupa kwa sababu hazifanani na za chuo. Alikaa nazo mpaka akazielewa. Na miaka hii ya karibuni, David Smith, mstaafu wa kazi za uchapaji huko Uingereza, alipata umbo moja linalotandaza sakafu yote bila mpangilio wake kujirudia kamwe, jambo lililotafutwa kwa miongo. Yeye hakupiga kelele kwamba dunia inamficha. Alimwandikia mtaalamu, wakakagua pamoja, wakatoa kazi hiyo hadharani Machi 2023 wakiwa wanne.

Sasa wewe unayesoma unasema moyoni: haya ni ya watu walioshiba. Sisi huku tuna korosho, tuna ufuta, tuna mbaazi, moja mara moja inatuhusu nini?

Inakuhusu! Inakuhusu kuliko inavyomhusu profesa. Profesa akikosewa hesabu anaandika makala. Wewe ukikosewa hesabu unalala njaa.

Umekanyaga ardhi ya Nachingwea? Basi umekanyaga hesabu isiyokaguliwa. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma watu watatu, wakiongozwa na John Wakefield, wakatembea na kuruka kwa ndege juu ya nchi kwa wiki tisa, wakarudi na ripoti. Ekari zaidi ya milioni tatu za karanga, sehemu kubwa Tanganyika: Kongwa, Urambo, na huku kwetu Kusini. Gharama kama pauni milioni 25. Kila kitu kimepigiwa hesabu: matrekta, mvua, mavuno kwa ekari, faida. Mpango ukaanza 1947. Mashine zikavunjika kwenye mizizi ya miti, mvua haikufuata jedwali, ardhi ya Kongwa ikakauka ikawa ngumu, karanga zikagoma kutoka. Januari 1951 wakaufunga mradi, hasara ikafutwa vitabuni: pauni zipatazo milioni 36. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kuja Nachingwea kwa ajili ya karanga hizo ikafungwa mapema miaka ya 1960. Nenda kaitafute leo.

Mzee wa Kimwera aliyelima udongo huu tangu utoto, nani alimwonyesha jedwali lile akaambiwa weka kidole unapoona kosa? Hakuwa na shahada. Alikuwa na jibu. Wataalamu walikuwa na ndege.

Bado umelala? Basi tuje kwenye kikokotoo. Mwalimu uliyestaafu Ruangwa, nesi uliyestaafu Nachingwea, hapa namsemea kila mmoja wenu. Mifuko ya pensheni ilipounganishwa mwaka 2018 ikaletwa kanuni mpya ya mafao. Wafanyakazi wakapiga kelele, Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akaisimamisha. Julai 2022 ikaja nyingine: mkupuo wa asilimia 33 ya mafao.

Wafanyakazi wakakaa chini wakapiga hesabu wenyewe, kwa kalamu, kwa simu, kwenye makundi yao. Wakapatikana wajuzi wakawaambia: hamuelewi, haya ni mambo ya kitaalamu, pokeeni mnachopewa. Wewe nani? Wimbo uleule wa Mkwawa.

Tuweke mistari mezani. Chukua mtumishi mwenye miezi 360 kazini, na wastani wa mshahara wa shilingi milioni 12 kwa mwaka. Kanuni ya zamani waliyokuwa nayo watumishi wengi wa serikali: gawanya kwa 540, zidisha kwa miezi, unapata milioni 8. Nusu yake zidisha kwa 15.5, mkupuo ni shilingi milioni 62. Pensheni ya mwezi kama 333,000. Kanuni ya 2022: gawanya kwa 580, unapata milioni 7.45 hivi. Zidisha kwa 12.5, chukua asilimia 33, mkupuo ni milioni 30.7. Pensheni ya mwezi kama 416,000.

Umeona? Mkupuo umepungua kwa milioni 31 na zaidi. Mwezi umeongezeka kwa shilingi 82,500 hivi. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: miezi 379. Miaka 31 na nusu! Aliyestaafu na miaka 60 atafidia alichopunguziwa akiwa na miaka 91. Kama nimekosea, sihitaji shahada yako. Nionyeshe mstari. Nitashukuru, nitausahihisha hadharani.

Na kelele zile za watu "wasioelewa" zilizaa nini? Bajeti ya Juni 2024 ilipandisha asilimia 33 kuwa 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani, na 35 kwa wale waliokuwa wakipata 25. Haijarudi ilikokuwa. Lakini imesogea, na iliyoisogeza ni kalamu ya mwalimu aliyekataa kuambiwa anyamaze. Wangekuwa wametukana tu, wangepata nini?

Sijagusa upatu. Mwaka 2009 mchezo wa upatu wa DECI uliwaacha watu wakiwa wamepanda mbegu na hawana shamba. Mpaka leo michezo hiyo inarudi kwa majina mapya, kwa programu za simu, na kila mara yupo anayeuliza swali dogo la hesabu na kundi zima linamzomea: wivu, umaskini wa fikra, toka. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Kila mmoja alete wawili, na wawili walete wawili. Hatua ya 26 inahitaji watu 67,108,864. Sensa ya 2022 ilitukuta Watanzania 61,741,120, pamoja na watoto wachanga. Mchezo umemaliza nchi nzima na bado unadai watu. Huyo mliyemfukuza kwenye kundi alikuwa ameshika mstari wa kosa mkononi!

Na wewe mkulima wa korosho unajua kangomba ni nini, sina haja ya kukueleza. Mnunuzi anakuja na kipimo chake nyumbani kwako wakati una shida ya ada au msiba. Kangomba iliishi kwa jambo moja tu: kipimo ambacho mwenye mali hana njia ya kukikagua. Ni ugonjwa uleule. Anayekuambia "niamini" kwenye hesabu tayari ana sababu ya kutotaka ukague.

Wajuzi, nimewasikia mkisema hamna muda wa kuwajibu wapuuzi wote. Sawa. Usimjibu. Nyamaza, ni haki yako. Ila ukifungua mdomo, fungua kwa mstari. Kama huna mstari, huna ukosoaji, una dharau.

Wavumbuzi wa mtaani, nami nawapenda, ninyi ambao hamkumaliza shule na bado mnakesha na namba wakati wenzenu wanakesha na kamari. Andikeni hatua zote. Wekeni namba kila hatua. Mpe kwanza mtu asiyekupenda. Akikuonyesha kosa, mpe mkono, rudi ukajaribu tena. Kosa likionekana mara tatu mahali palepale, liache swali hilo, chukua jingine. Maswali hayajaisha.

Na wewe msomaji, mwenzangu, ambaye unashangilia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari usiloweza kulisoma halina tofauti na lisilokuwepo. Minada ya korosho inafunguliwa Oktoba. Utaletewa karatasi yenye kilo zako, bei ya mnada, ushuru, makato ya chama, usafirishaji, ghala. Usitie saini ukiwa umesimama. Ipeleke nyumbani, mwite mwanao wa kidato cha pili, pitieni mstari kwa mstari. Mkikuta usioelezeka, rudini ofisini nyote wawili, muweke kidole juu yake, muulize. Wakikujibu "wewe nani", usiondoke.

Uliza tena.